Baniani, Kiatu Chake na Safari Yake

Wazee wetu wa pwani walituachia methali nyingi, na moja katika hizo hutajwa kila uchao: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Husemwa kwa kicheko, na mara nyingi husemwa na mtu asiyekuwa na nia mbaya hata chembe. Maana yake yajulikana: mtu mwenyewe humpendi, lakini chake unakihitaji. Nimeisikia tangu utotoni na nimeisema mwenyewe mara zisizo hesabu. Lakini sikuwahi kujiuliza kile kiatu kilitembea wapi kabla ya kufika kwetu kikawa dawa.

Jambo lililonifanya nijiulize lilikuwa dogo. Tulikuwa barazani jioni moja baada ya Magharibi, kahawa inapita na kashata zinapita. Kijana mmoja akatoa simu yake akatuonyesha picha za kile alichokiita hija ya Mabaniani huko Bara Hindi. Umati hauna mwanzo wala mwisho. Wazee kwa akina mama, wengine miguu mitupu, matope yamewafika magotini. Baraza zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Tazama watu wazima wanavyojitesa kwa ajili ya jiwe!" Mwingine akaongeza neno lisilofaa kuandikwa gazetini.

Mzee mmoja aliyekaa pembeni hakucheka. Akauliza swali moja tu: "Yule bibi kizee pale mbele, aliyejitwika chungu cha mti kichwani, wanangu, kuna mmoja wenu awezaye kutembea alivyotembea yeye kwenda kumwomba Mola wake?" Hakuna aliyejibu. Kahawa ikaendelea kupita, na mazungumzo yakageuzwa kuwa ya bei ya samaki.

Swali lile halikunitoka. Ndilo lililonipeleka kutafuta habari za watu wale, na leo nataka nimweleze ndugu msomaji niliyoyapata, kisha niseme maoni yangu. Najua wako watakaokunja uso kabla sijafika mwisho. Nawaomba subira.

Kwanza tusahihishe majina. Neno Baniani tulilipata kwa wafanyabiashara wa Gujarati, ambao kwao mfanyabiashara huitwa vaniyo. Walikuja na vyombo pamoja na upepo wa kaskazi, wakauza vitambaa, wakafungua maduka, wakakopesha. Kwa hiyo picha ya Baniani iliyobaki vichwani mwetu ni ya mtu aliyekaa nyuma ya meza na daftari la madeni mbele yake. Lakini walio wengi katika wafuasi wa dini ya Kihindu si wenye maduka. Ni wakulima, wafumaji, wafinyanzi, vibarua. Hawa hawakuja kwetu na hatukuwaona. Ni makosa kuyapima mamia ya mamilioni ya watu kwa mtu mmoja aliyemdai babu yako.

Pili, nitasema ziara wala sitasema hija. Hija kwetu ni jina la ibada maalumu, yenye mahali pake, miezi yake na masharti yake, wala sitaki kuchanganya mambo.

Ziara ile iliyokuwa katika simu ya kijana wetu huitwa Wari. Hufanyika katika jimbo la Maharashtra, upande wa magharibi wa India, kila mwaka katika mwezi wa Juni au Julai. Wazuru hutoka vijiji viwili vilivyo karibu na mji wa Pune, yaani Alandi na Dehu, wakaenda kwa miguu mpaka mji wa Pandharpur. Ni mwendo wa kilomita kama 250, wanaoutembea kwa muda wa majuma matatu hivi. Kwa mtu wa kwetu, ni kama kutoka Mombasa mpaka Malindi na kurudi, jua na mvua, usiku ukilala katika hema au chini ya lori. Na wanaotembea si mia wala elfu. Ni malaki ya watu.

Wengi wao ni wakulima. Upepo ule ule wa kusi unaovuma kwetu ndio unaowapelekea mvua. Mkulima huisubiri mvua ya kwanza, akapanda mbegu zake, kisha akaliacha shamba mikononi mwa aliyebaki nyumbani, akaenda. Hivyo wanatembea wakati wa mvua, na ndiyo maana ya matope yale tuliyoyacheka.

Hutembea katika vikundi viitwavyo dindi, kila kikundi na bendera zake za rangi ya zafarani. Wanaume huvaa nguo nyeupe na kofia. Wanapiga matoazi na ngoma, wakiimba tungo za Kimarathi walizoachiwa na watu wao wema wa zamani. Shingoni huvaa kidani cha shanga zilizochongwa kwa mti wa tulasi, ambao ni ndugu wa mrihani wetu. Na wanawake wengine hujitwika mti wenyewe, ukiwa katika chungu chenye udongo wake, njia nzima. Yule bibi wa kwenye picha alikuwa amejitwika mrihani.

Mbele ya msafara hubebwa machela mbili zilizopambwa kwa fedha. Ndugu msomaji ataniwia radhi nikitabasamu hapa, kwa sababu ndani ya machela hizo hamna sanamu. Kilichomo ni viatu! Ni mfano wa makubazi ya watu wawili wanaowaheshimu mno: Dnyaneshwar, aliyezikwa Alandi mwaka 1296, na Tukaram wa Dehu, aliyeishi katika karne ya 17. Basi Baniani naye anacho kiatu anachokiona dawa, na anakifuata kilomita 250.

Huyu Tukaram alikuwa mtu wa duka. Aliuza nafaka kijijini, mpaka njaa kubwa ya miaka ya 1630 ilipopita katika nchi ile. Biashara ikaanguka, na mke wake wa kwanza na mwanawe wakafa. Wenyewe husimulia kwamba baada ya msiba huo alizichukua hati za watu waliokuwa wakidaiwa na nyumba yao, akazitosa mtoni, akabaki kutunga na kuimba. Sisi tunamjua Baniani wa daftari la madeni. Wao wanamwenzi mwenye duka aliyelitupa daftari lake majini.

Huko Pandharpur kuna hekalu la mungu wao Vitthal, aliyechongwa amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Kisa cha tofali hilo ni cha mtu aliyeitwa Pundalik. Wanasema mungu wao alimjia mlangoni wakati yeye anawahudumia wazazi wake wazee. Pundalik hakuinuka. Alimrushia tofali ili asikanyage matope, akamwambia asubiri mpaka amalize kazi ya wazazi. Na eti angali anasubiri mpaka leo. Sisi hatukiamini kisa hiki wala hatuwezi kukiamini. Lakini Mswahili aliyelelewa kuambiwa kwamba radhi ziko kwa wazazi hatashindwa kuelewa ni jambo gani wanalofundishana watu wale kwa kisa hicho.

Sasa tuingie katika lile lililonigusa zaidi, nalo ni ikhlasi yao. Mtu atasema: watu hutembea kwa sababu nyingi, wengine hufuata mkumbo, wengine riya, wengine chakula cha bure. Kweli, na hayo yako kila mahali, hata kwetu. Lakini tazama dalili hizi.

Dalili ya kwanza: safari hii hawalazimishwi. Mwanachuoni wetu mkubwa, Abu Rayhan al-Biruni, aliandika zamani sana kwamba ziara kwa Wahindu si faradhi, bali ni jambo la hiari linalotarajiwa thawabu. Mkulima asiyekwenda Pandharpur hahesabiwi kuwa ameacha nguzo ya dini yake. Anakwenda kwa mapenzi, na mwakani atakwenda tena.

Dalili ya pili: wengi hawapati hata kile ambacho mtu wa nje angedhani ndicho walichokifuata. Siku yenyewe, mji hufurika. Foleni ya kuingia hekaluni huchukua saa nyingi mno, na wasioweza kusubiri ni wengi. Hao huoga mtoni, wakakiangalia kilele cha hekalu kwa mbali, wakainamisha vichwa, wakageuka kurudi nyumbani. Majuma matatu ya kutembea, na mwisho wake ni kutazama ncha ya paa! Mwenye kutafuta makubwa ya dunia angekasirika. Wao huridhika, husema wameona.

Dalili ya tatu: adabu yao wao kwa wao. Huko njiani kila mmoja humwita mwenzake Mauli, yaani mama. Mzee humwita kijana mama, tajiri humwita kibarua mama, na wakikutana huinamiana kugusana miguu. Hawali nyama wala hawanywi pombe. Na wanaobaki majumbani huwatumikia wanaopita. Wanavijiji hutoa chakula na maji. Msafara unapolala Pune, vinyozi hujitokeza kuwanyoa wazuru bila malipo, wengine huwakanda miguu iliyovimba, na washona viatu hukaa kando ya barabara wakiwashonea makubazi yaliyokatika bila kudai senti. Haya basi, methali yetu imepata maana nyingine: fundi maskini anamshonea kiatu msafiri asiyemjua, na kwake yeye hiyo ndiyo ibada.

Hapo ndipo baraza litakaponirukia. Litasema: "Bwana, unatusifia shirki?"

La, sisifii. Nalisema wazi ili nisije nikasingiziwa. Baina yetu na wao kuna khitilafu kubwa, tena iliyo katika msingi wenyewe. Sisi ni watu wa tauhidi, hatumwabudu ila Mmoja asiyefananishwa na chochote. Anayetaka kuipunguza khitilafu hiyo ili watu wapendane anajidanganya, na anawavunjia heshima wote wawili, Mwislamu na Mhindu, maana kila mmoja anajua anachokiamini. Mapenzi yaliyojengwa juu ya kujifanya hatukhitilafiani hayafiki mbali.

Lakini kuna maswali mawili hapa, na baraza letu liliyachanganya. Swali moja ni: je, anachokiabudu ndicho? Jibu letu lajulikana. Swali la pili ni: je, anakiabudu kwa moyo wa kweli? Hilo ni swali jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa na ukweli mkononi na moyo wake umelala, na mwingine akawa amepotea njia na moyo wake uko macho. Sisi tuliosomeshwa tangu chuoni kwamba amali hupimwa kwa nia tusione tabu kulielewa jambo hili. Hatima ya yule bibi iko kwa Mola wake, wala hakuna aliyeniajiri mimi kuwa karani wa Siku ya Kiyama. Nililonalo mimi ni ulimi wangu, na nitaulizwa juu yake.

Na juu ya ulimi tumekwisha kuonywa. Aliye na msahafu nyumbani na aufungue Sura Al-An'am, aya ya 108, aisome pamoja na tafsiri yake. Atakuta tumekatazwa kuwatukana wale wanaoombwa na wengine badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui na ujinga. Tazama vilivyo: aya haikusema kwamba vile wanavyoviomba ni vya haki. Imetukataza matusi, na khitilafu imebaki pale pale. Basi yule aliyetoa lile neno barazani alidhani anaitetea dini, kumbe amevunja amri ya dini.

Turudi kwa Al-Biruni, maana yeye ndiye mwalimu wetu katika jambo hili. Alizaliwa mwaka 973 huko Khwarazm. Aliishi katika zama za Sultani Mahmud wa Ghazni, aliyekuwa akiipiga India na kuyavunja mahekalu yake. Kwa mtu wa wakati ule, jambo jepesi lingekuwa kuandika kitabu cha kuwacheka walioshindwa. Al-Biruni hakufanya hivyo. Alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanavyuoni wao, na yapata mwaka 1030 akamaliza kitabu kikubwa juu ya India, akieleza wanayoyasema wenyewe kama wanavyoyasema wenyewe. Hakuficha kwamba wanatofautiana nasi, wala hakuyafumbia macho aliyoyaona maovu. Lakini alieleza pia kwamba wenye elimu miongoni mwao wanamtaja Mungu Mmoja asiye na mwanzo wala mwisho, na kwamba watu wa kawaida ndio wanaoshikamana na sanamu, kwa kuwa mtu wa kawaida wa kila taifa huuelekea zaidi mwili na macho kuliko fikra. Mtu huyu Uislamu wake haukupungua. Miaka elfu moja imepita, na Waislamu tunaona fahari kumtaja. Je, sisi wa barazani tumemrithi nini?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami siwezi kulikwepa. Mtu atasema: "Unatuhadithia wazuru wapole, na wenzao walibomoa msikiti." Ni kweli. Tarehe 6 Desemba 1992, umati wa watu uliubomoa Msikiti wa Babri huko Ayodhya, uliojengwa mwaka 1528. Ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Mumbai, mji mkuu wa jimbo hilo hilo la Maharashtra, uliona damu nyingi. Na tarehe 22 Januari 2024 hekalu jipya lilifunguliwa penye kiwanja kile. Mwislamu aliyeumizwa na hayo hana kosa.

Lakini tazama mambo yalivyoanza. Mwaka 1990 mwanasiasa mmoja mashuhuri, L. K. Advani, alianza safari kutoka hekalu la Somnath huko Gujarati kuelekea Ayodhya. Aliita ziara. Alipanda gari lililopambwa likafanywa mfano wa gari la vita la zamani, akapita mji baada ya mji akihutubia. Waliomfuata walitaka kura, na walitaka kiwanja. Hakikuwa kitu kipya: mwanasiasa alikiona kile ambacho mkulima anakipenda, akakivaa kama kanzu ya kuazima. Sisi hapa Kenya tunawajua vizuri wanasiasa wanaovaa kofia ya vito wakati wa uchaguzi na kuivua siku ya pili. Je, tungependa dini yetu ipimwe kwa hao? Dunia inapotutazama sisi Waislamu kupitia kwa wauaji wanaojivika jina letu, tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Haki tunayoidai kwa watu tuwe tayari kuitoa kwa watu. Aliyepanda gari lililopambwa ni mmoja, na aliyetembea kwa miguu ni mwingine. Huenda wako waliokuwa hapa na pale, maana binadamu si malaika. Lakini bibi mwenye mrihani hakubomoa kitu.

Nami nisije nikawapamba wazuru hawa zaidi ya walivyo. Wana aibu yao, na wenyewe wanaijua. Katika watungaji wao wa zamani alikuwako Chokhamela, mtu wa tabaka la Mahar, waliohesabiwa kuwa najisi. Tungo zake huimbwa njia nzima, lakini yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuingia hekaluni, na kaburi lake liko nje, mbele ya ngazi. Watu wa tabaka lake walizuiwa kwa mamia ya miaka. Mlango ulifunguliwa mwaka 1947, baada ya mwalimu na mwandishi Sane Guruji kufunga asile, akawa tayari kufa kwa ajili yao. Bibi Iravati Karve, mtaalamu wa mila za watu, aliitembea njia hiyo mwenyewe, na makala yake ikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1962. Aliipenda safari, lakini aliumia kuona kwamba watu walioimba pamoja mchana kutwa, wakati wa kula walijitenga, kila tabaka na chungu chake.

Nayaandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kumheshimu mtu si kumfanya malaika. Ya pili ni kwamba nilipoyasoma niliona haya kwa ajili yetu. Sisi tunasimama safu moja, bega kwa bega, na imamu akitoa salamu tunarudi mitaani kuulizana nani mwungwana na nani si mwungwana, na binti wa nani haolewi na mwana wa nani. Dini yetu haina tabaka, lakini je, sisi hatunalo? Ikhlasi ya njiani haimalizi dhuluma ya jikoni, kwao wala kwetu.

Tena sisi watu wa pwani tunajua uchungu wa kuchekwa katika ibada. Kila mwaka watu hufunga safari kwa mashua na kwa mabasi kwenda Lamu, kwenye Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, alikosomesha Habib Swaleh. Wanalala vibarazani na ugenini, wanapiga matari, wanalia kwa mapenzi ya Mtume. Na wako Waislamu wenzetu wanaowaona wajinga na wazushi. Simo katika ugomvi huo leo. Nauliza tu: yule aliyekwenda Lamu na akachekwa, akarudi na kifua kinamuuma, anawezaje kumcheka mwingine bila kukumbuka?

Waislamu wa India wenyewe, wenye sababu za kukasirika kuliko sisi, wametutangulia katika jambo hili. Machela ya Tukaram inapotoka Dehu, husimama kwanza penye kaburi la walii wa Kiislamu, Anagadshah, ndipo iendelee. Mwaka 2022 na tena mwaka 2023, siku kuu ya Pandharpur iliangukia siku moja na Idi ya Mfungo Tatu. Mwaka 2023 siku hiyo ilikuwa tarehe 29 Juni. Wazuru wale ni watu wasiogusa nyama, na mji wao umejaa. Waislamu wa Pandharpur na wa sehemu nyingine za jimbo walikaa wakashauriana, wakaahirisha kuchinja kwa siku moja, kwa kuwa sheria inaruhusu kuchinja katika siku zinazofuata. Sala ya Idi walisali. Hawakupoteza kitu katika dini yao, na jirani alikwenda zake kwa amani.

Na la mwaka 2025 ni kubwa zaidi. Huko Prayagraj, mji uliokuwa ukiitwa Allahabad mpaka mwaka 2018, kulikuwa na mkutano mkubwa wa Kumbh, watu wanapokwenda kuoga panapokutana mito ya Ganga na Yamuna. Kabla ya mkutano, baadhi ya viongozi wa watawa wao walitaka Waislamu wasiruhusiwe kufanya biashara pale. Kisha alfajiri ya tarehe 29 Januari watu walikanyagana, wakafa 30 kwa hesabu ya serikali. Njia zikafungwa, na maelfu ya wazuru wakakwama mjini usiku wa baridi, hawana chakula wala pa kulala. Waliowafungulia milango walikuwa nani? Waislamu wa mji ule. Walifungua misikiti, shule na nyumba zao, wakatoa mablanketi, wakapika. Watu waliokatazwa kuuza ndio waliogawa bure.

Waliofungua milango hawakubadili itikadi yao. Walimwona msafiri aliyechoka, aliyetoka mbali kwa ajili ya kile anachokiamini, nao walijua msafiri ana haki gani. Mwislamu aliyewahi kumsindikiza mzazi wake Makka, akamwona anavyouza minazi miwili mitatu, akaweka akiba kwa miaka, akafunga mzigo huku machozi yanamtoka, hahitaji kuambiwa ile ni hali gani. Aliyeona machozi hayo kwa mama yake atayatambua kwa mama wa mwingine.

Sasa, ndugu msomaji, sisemi twende hekaluni, wala sisemi tunyamaze tukiulizwa imani yetu. Mtu akitaka kujadiliana nao kwa hoja njema, na ajadiliane. Ninaloomba ni dogo, nalo liko ndani ya uwezo wetu. Jirani yako Mhindu anapowasha taa zake za Diwali, usiseme mbele ya wanao neno ambalo ungeona haya kulisema mbele yake. Mtoto akikuuliza wale wanafanya nini, mweleze kwa ukweli kama Al-Biruni alivyoeleza, kisha umweleze na sisi tunaamini nini na kwa nini. Atakua akiijua dini yake vizuri zaidi, kwa sababu ameijua bila kuhitaji kumdharau mtu.

Methali ya Baniani na kiatu chake sidhani itatoka midomoni mwetu, na methali haifutwi kwa makala ya gazeti. Lakini siku nyingine ukiisema, likumbuke lile fundi la viatu lililokaa kando ya barabara ya Pune, sindano mkononi, linashona bila kudai. Na umkumbuke yule bibi. Mimi nimemkumbuka juzi, muadhini alipoadhini Alfajiri na mvua inanyesha, na msikiti uko hatua 60 kutoka mlangoni pangu. Niligeuka upande wa pili nikajifunika shuka. Kisha swali la yule mzee likanirudia, nikaona haya, nikainuka nikatafuta makubazi yangu gizani.